Bale ya Ajangbadi: watoto wa Lagos katika mwaka wa korona

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, kuanzia Goma hadi Uvira na kushuka mpaka Kalemie, hakuna anayehitaji kuelezwa neno bale. Ni kundi la vijana wenye ngoma, majani kiunoni na njuga miguuni, linaloitwa kumpokea mkubwa wa serikali kwenye kiwanja cha ndege ao kuchangamsha arusi na sikukuu za parokia. Neno lilitoka katika Kifaransa, na mtu aliyelipa nguvu maana hiyo ya Kiafrika ni Fodéba Keïta wa Guinea. Kundi lake, Les Ballets Africains, lilipata jina Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baada ya uhuru wa Guinea mwaka 1958 likawa kundi la taifa. Inchi nyingine zikafuata mfano. Hata Zaire ya Mobutu ilikuwa na bale yake ya taifa.

Korona ilipoingia Kongo, bale hizo zilinyamaza. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 rais Félix Tshisekedi alikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, na tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Ngoma ni kazi ya watu wengi waliosimama karibu karibu. Bila arusi, bila matanga, bila mapokezi, haina mahali pa kupigwa, na hakuna aliyewahi kusikia mdundo wa ngoma tatu ukipita vizuri katika spika ya telefone.

Bale ile nyingine, ile ya Ulaya yenye viatu laini na kusimama kwenye ncha za vidole, ilipatwa na msiba huo huo, lakini ikajaribu kupita katika telefone. Habari ya namna ilivyojaribu husimuliwa mara nyingi kwa kuanzia Paris, London ao New York. Sehemu yake inayofaa zaidi kusomwa na Waafrika ilitokea Ajangbadi, mtaa wa watu wa kawaida upande wa magharibi wa Lagos, nchini Nigeria.

Huko Ajangbadi, mwaka 2017, kijana aitwaye Daniel Owoseni Ajala alifungua shule aliyoiita Leap of Dance Academy. Mwenyewe hakupita katika shule ya bale. Filamu moja ya Kimarekani, Save the Last Dance, ndiyo iliyomtia hamu, kisha akajifunza kwa vitabu na kwa video za YouTube. Aliyewahi kujifunza ufundi wowote kwa njia hiyo, iwe kutengeneza telefone ao kushona suti, anajua ilivyo: unatazama, unasimamisha picha, unarudisha nyuma, unasimama na kujaribu, unakosea, unarudisha tena. Tofauti ni kwamba fundi wa telefone akikosea anaharibu telefone. Mchezaji wa bale akikosea kwa muda mrefu anaharibu goti.

Ajala alipoanza kufundisha hakudai malipo. Watoto walikuja baada ya masomo, na kufika mwaka 2020 walikuwa 12 hivi. Chumba kilikuwa kidogo, sakafu ngumu. Kazi yake ya kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, haikuwa kufundisha hatua bali kuwatuliza wazazi. Wengine waliona mavazi yale ya kubana mwili hayana heshima, wengine waliuliza jambo hilo linapatana vipi na dini, na kwa wavulana swali lilikuwa kali zaidi: mwanaume anafanya nini huko? Mzazi yeyote wa Bukavu ao Lubumbashi angeuliza maswali hayo hayo, na angeongeza la nne, ambalo ndilo zito kuliko yote: mtoto atakula nini kutokana na kazi hiyo?

Ili kuelewa ugumu wa alilolianza Ajala, lazima kurudi nyuma kidogo. Bale ya Ulaya ilipata sheria zake Ufaransa. Mwaka 1661 mfalme Louis XIV alianzisha Paris chuo cha kifalme cha kucheza, na ndiyo sababu mpaka leo hatua zote zinaitwa kwa Kifaransa, uwe Moscow, Havana ao Tokyo. Hapa Mkongo ana faida asiyoijua. Mtoto wa Bukavu aliyefika darasa la sita anaelewa bila kuelezwa kwamba plié ni kukunja, tendu ni kunyoosha, na jeté ni kurusha. Mtoto wa Ajangbadi, anayezungumza Kiyoruba ao Kiigbo nyumbani na Kiingereza shuleni, hukariri maneno hayo kama majina ya watakatifu.

Kuwa na majina peke yake hakutoshi. Bale hupita kutoka mwili hadi mwili. Mwalimu anashika kiuno cha mwanafunzi, anakisogeza kidogo sana, anasema hapo, na mwanafunzi anasikia ndani ya mifupa tofauti ya jana na leo. Kwa sababu hiyo watu walihangaika tangu zamani kutafuta njia ya kuipeleka mbali pasipo mwalimu. Mwaka 1700 Raoul-Auger Feuillet alitoa Paris kitabu cha kuandika michezo kwa alama, kama vile muziki unavyoandikwa kwa nota. Karibu miaka 200 baadaye, huko Saint Petersburg, ikatumika njia nyingine ya alama, ile ya Stepanov, kuandika bale kubwa za Kirusi. Baada ya mapinduzi ya 1917 msimamizi wa zamani wa jumba hilo, Nicholas Sergeyev, aliondoka Urusi na maandishi hayo mizigoni. Katika miaka ya 1930 yalifika London, kwa kundi changa la Ninette de Valois, na kutokana nayo Waingereza walicheza Giselle na Swan Lake. Kwa hiyo Uingereza, ambayo leo inahesabiwa kati ya wakubwa wa bale, ilipata sehemu kubwa ya urithi wake kutoka mizigo ya mkimbizi. Lakini Sergeyev hakutuma karatasi kwa posta. Alikuja nazo, akasimama mbele ya wachezaji, akafundisha.

Hali ilikuwa hiyo mpaka Machi 2020. Tarehe 12 mwezi huo majumba ya michezo ya Broadway, New York, yalifungwa. American Ballet Theatre, moja ya makundi makubwa ya Marekani, ilifuta msimu wake wa mwaka huo katika Metropolitan Opera House. Paris, wachezaji wa Opera walijirekodi nyumbani, jikoni, bafuni, na mtengenezaji wa filamu Cédric Klapisch akaziunganisha picha hizo kuwa video moja ya kuwashukuru wauguzi. London, Tamara Rojo, aliyekuwa kiongozi wa English National Ballet, alifundisha darasa kila siku kupitia intaneti akiwa amesimama jikoni kwake. Mwezi wa tano, kwa wito wa Misty Copeland, wanawake 32 kutoka inchi 14 walicheza kila mtu kwao kipande kidogo cha bwawabata anayekufa, ili kukusanya pesa za kusaidia wenzao waliokosa mshahara.

Zilikuwa picha nzuri, na watu walilia kwa kuzitazama. Wachezaji wenyewe walieleza shida zao, na zilikuwa shida za kweli. Nafasi ni ndogo, huwezi kuruka. Sakafu ni ngumu, miguu inauma. Hakuna kioo kikubwa. Mwalimu yuko ndani ya telefone, ukiona mikono yake huoni miguu. Muziki unachelewa, anayehesabu upande wa pili anahesabu peke yake. Mkono wa kulia wa mwalimu unaonekana kama wa kushoto. Kwa mchezaji wa Paris ao New York hayo yalikuwa mambo ya ajabu yaliyoletwa na ugonjwa. Ukiyasoma tena polepole utaona kwamba ni maelezo ya siku ya kawaida ya Ajangbadi tangu 2017.

Isisemwe, hata hivyo, kwamba watoto wale hawakuumia kwa kuwa walizoea. Kauli ya namna hiyo hupendwa na watu wanaotazama umaskini kwa mbali, nayo si kweli. Serikali ya Nigeria ilifunga Lagos usiku wa tarehe 30 Machi, na zuio halikulegezwa mpaka tarehe 4 Mei. Katika mtaa ambapo watu wengi hula leo kile walichopata leo, wiki tano za namna hiyo si mapumziko. Shule zilifungwa muda mrefu zaidi. Darasa la bale halikuwa tena saa moja ya furaha baada ya masomo, kwa sababu masomo yenyewe hayakuwepo. Kujifunza kwa telefone kunataka mega, na mega zinataka pesa. Kunataka umeme, na Lagos, kama Kinshasa, umeme huja unapotaka wenyewe. Nyumba ikiwa na telefone moja, ni ya baba ao mama, na huondoka naye.

Walichokuwa nacho kuliko wenzao wa Ulaya ni kitu kimoja tu. Mwalimu wao alijua tayari namna ya kuchota bale kutoka kwenye kioo kidogo. Kwa miaka mitatu alikuwa akitazama video usiku, akizichambua, kisha akizirudisha kwa watoto kwa mwili wake mwenyewe siku ya pili. Walimu wa New York walianza kujifunza kazi hiyo Machi 2020.

Ndipo ikaja video ya mvua. Juni 2020, zuio likiwa limelegea na shule zikiwa bado zimefungwa, Ajala aliweka kwenye mtandao picha fupi za mwanafunzi wake Anthony Mmesoma Madu, mwenye umri wa miaka 11. Mtoto yuko nje, miguu mitupu, juu ya simenti iliyolowa, mvua inanyesha. Anazunguka mara kadhaa, anaruka, anaendelea. Haifiki hata dakika moja. Mcheza filamu Mmarekani Viola Davis aliisambaza, na ndani ya majuma machache ilikuwa imetazamwa mara milioni nyingi.

Waliotazama wengi walisifu uzuri wa mvua. Wenye ujuzi waliona kitu kingine: mtoto anayezunguka kwenye simenti yenye maji bila viatu anaweza kuteleza na kuvunjika mguu, na hakuna shule ya Ulaya ambayo ingemruhusu. Inafaa kuyashika mambo yote mawili pamoja. Picha ile ilimfungulia mlango, na picha ile ile ilionyesha kwamba hakuwa na sakafu.

Kati ya walioona kitu hicho cha pili alikuwa Cynthia Harvey, mchezaji wa zamani ambaye wakati huo aliongoza shule ya American Ballet Theatre. Alitafuta jina la mtoto na la mwalimu. Madu akapewa nafasi bila malipo katika mafunzo ya kiangazi ya watoto ya shule hiyo, na mafunzo hayo, mwaka huo, yalifanyika kwa intaneti.

Hapo ndipo kiini cha habari hii kilipo, na magazeti mengi yalipita juu yake haraka. Katika mwaka wa kawaida mafunzo yale yangefanyika Marekani. Mtoto wa Ajangbadi angehitaji paspoti, viza, tikiti ya ndege, mahali pa kulala, na mtu mzima wa kumsindikiza ambaye naye angehitaji hayo yote. Mkongo aliyewahi kupanga foleni ya viza anajua mwisho wa safari za namna hiyo. Lakini mwaka 2020 balozi za Marekani zilikuwa zimesimamisha viza za kawaida, na Nigeria ilikuwa imefunga viwanja vyake kwa ndege za nje tangu Machi mpaka Septemba. Hakuna aliyeweza kusafiri, kwa hiyo hakuna aliyetakiwa kusafiri. Mtoto wa tajiri wa New York na mtoto wa Ajangbadi waliingia darasani kwa mlango mmoja, wenye upana wa telefone. Tofauti iliyobaki ilikuwa saa tano: kule darasa likianza saa tatu asubuhi, Lagos, ambayo ina saa sawa na Kinshasa, ni saa nane mchana, wakati wa joto.

Mlango huo ulikuwa mwembamba kweli. Mwalimu wa mbali anaona umbo lakini hawezi kugusa kiuno. Anaweza kusema nyonga imepanda, hawezi kuishusha. Ndiyo sababu zawadi ya pili ya American Ballet Theatre, ambayo haikuvuma hata kidogo, huenda ilikuwa na uzito kuliko ya kwanza. Ajala mwenyewe alipewa nafasi bila malipo katika mafunzo ya walimu ya kundi hilo, nayo kwa intaneti. Yeye alikuwa ndani ya chumba na watoto. Mkono wake ulifika pale ambapo mkono wa New York haukufika. Zawadi ya mtoto humfaa mtoto mmoja, na ikifaulu humwondoa mtaani. Zawadi ya mwalimu hubaki mtaani na kugawanywa kwa wote 12.

New York penyewe paliwahi kusimama mbele ya swali hilo hilo, la kutoa mtoto mmoja ao kuleta bale mtaani. Arthur Mitchell, mtoto wa Harlem, aliingia New York City Ballet mwaka 1955 na kuwa mchezaji mkuu wa kwanza mweusi wa kundi hilo. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Mitchell, aliyekuwa na jina dunia nzima, akarudi Harlem akaanza kufundisha, na mwaka 1969 pamoja na Karel Shook akaanzisha Dance Theatre of Harlem. Alianza na watoto 30 hivi. Inasimuliwa kwamba baada ya miezi miwili walikuwa 400. Kwa sababu ya joto alifundisha milango ikiwa wazi, na vijana wa mtaa waliosimama kutazama waliingia na suruali zao za jinzi zilizokatwa. Mitchell hakuwafukuza kwenda kutafuta mavazi rasmi. Miaka michache baadaye kundi lake liliacha soksi na viatu vya rangi ya waridi, rangi iliyochaguliwa ifanane na ngozi za Wazungu, likavaa rangi za kahawia kufuata ngozi ya kila mchezaji.

Lakini Mitchell alirudi baada ya kufika juu, akiwa na elimu yote na marafiki wenye pesa. Ajala alianza bila hivyo vyote. Kilichomfikia kilimfikia kwa sababu mlipuko wa ugonjwa ulilazimisha shule tajiri kuweka masomo yao mahali ambapo hata yeye angeweza kuyafikia. Ugonjwa ulipopungua, shule hizo zilirudi kwenye vyumba vyao vyenye sakafu ya mbao na vioo, kama ilivyotarajiwa, na viza zikarudi kuwa viza.

Madu alisafiri. Alipata nafasi ya masomo katika Elmhurst Ballet School, mjini Birmingham, Uingereza, shule iliyo na uhusiano wa karibu na Birmingham Royal Ballet. Kundi hilo, tangu Januari 2020, linaongozwa na Carlos Acosta, mtoto wa dereva wa lori kutoka Havana, kwa hiyo jengo lile lilikuwa limewahi kusikia habari za umaskini. Mwaka 2024 filamu ya maisha yake, yenye jina Madu, ilionyeshwa kwenye Disney+. Mtoto yule wa simenti sasa alikuwa na sakafu yenye kunesa, madaktari wa miguu na walimu wa kumshika kiuno, na alikuwa mbali na mama yake, katika baridi, katika umri ambao watoto wengi bado hutumwa dukani.

Kwa wenzake waliobaki, kazi iliendelea Ajangbadi, bila malipo, na mwalimu yule yule. Kulikuwa na wageni waliotuma viatu na mavazi baada ya video ile, na walimu wa inchi za nje waliojitolea kufundisha kwa intaneti. Viatu vya bale haviishi muda mrefu. Vile vya ncha, vya wasichana, vikitumiwa kila siku huchoka ndani ya majuma machache. Zawadi ya namna hiyo inafaa kuhesabiwa kwa majuma, na mzazi mmoja mmoja mtaani alikuwa na hesabu hiyo kichwani kabla mzigo haujafunguliwa.

Katika Kongo hali ya dharura iliondolewa Julai 2020, na bale za ngoma zikaanza kuitwa tena arusini, kwanza kwa woga, watu wakiwa na barakoa kidevuni. Ajangbadi watoto walirudi shuleni baadaye mwaka huo. Baada ya masomo walikuja kwa Ajala, ambaye sasa alikuwa amepita mafunzo ya ualimu, na wakaanza upya pale ambapo darasa lolote la bale huanza, Paris ao Lagos: mkono mmoja umeshika kitu kisichotikisika, visigino pamoja, plié.